Mama Aliposhusha Mkono

Kuna dawa ya kupulizia nguo wakati wa kupiga pasi, ile ya kopo, yenye harufu ya maua ambayo sijawahi kuyaona yakimea popote. Juzi jirani yangu hapa Nairobi alikuwa ananyoosha shati huku mlango wake uko wazi, nami nikakwama kwenye ngazi na mfuko wangu wa sukuma wiki. Sikuweza kupanda wala kushuka. Nilikuwa nimerudi Rashidiya, kule Dubai, Ijumaa asubuhi, eisi ya kupoza hewa ikinguruma dirishani, na Anko Kyalo amevaa fulana ya ndani, anapulizia kola za nyumba nzima moja baada ya nyingine.

Kama nawe ulikulia Ghuba unajua nyumba za aina hiyo. Vila ya Mwarabu, kubwa kwa nje, na ndani imegawanywa kwa mbao nyembamba, kila familia na chumba chake, jiko la wote, bafu la wote. Ukipiga chafya unaombewa afya na watu usiowaona. Sisi tulikaa chumba cha nyuma: Baba, Mama na mimi. Baba alikuwa mlinzi katika jengo la maduka. Mama alikuwa msaidizi katika shule ya chekechea kule Garhoud. Chumba cha pembeni yetu alikaa Mama Hawa, Mtanzania wa Tanga, na waliobaki karibu wote walikuwa Wakenya kama sisi, watu wa bara, watu wa kanisa.

Sebule haikugawanywa. Ilikuwa ya wote, na kila Ijumaa, kwa kuwa Ijumaa ndiyo ilikuwa mapumziko, iligeuka kuwa mahali petu pa ibada. Watu walikuja hata kutoka kambi za wafanyakazi za Muhaisnah, wakiwa wameoga wakanukia sabuni, wakapanga viti vya plastiki, wakaimba mpaka Mama Hawa anatoka jikoni na mwiko kusikiliza. Aliyetuongoza ni Ndugu Silas. Alifanya kazi ofisi ya mizigo uwanja wa ndege, na hakukuwa na mtu pale ambaye hakuwahi kumsaidia. Baba alipofika Dubai bila kumjua yeyote, ni Ndugu Silas aliyempokea. Ni yeye aliyezungumza na mwenye vila tukapata chumba. Nasema haya mapema ili asije mtu akadhani alikuwa mtu mbaya. Tulimpenda. Nadhani hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu.

Anko Kyalo alikuwa ndugu wa pekee wa Mama, mdogo wake. Alihudumu mezani katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege na alilala kwenye nyumba ya wafanyakazi, lakini Ijumaa ilikuwa yetu. Alifika mapema, akanyoosha nguo za kila aliyeomba, kisha akatufundisha sisi watoto kukunja vitambaa vya mezani vikawa ndege au ua. Kwenye nyimbo ndiye aliyeshika sauti ya chini kabisa. Kina mama wa ushirika hawakuchoka kumtafutia mchumba. Kila mwezi kulikuwa na msichana fulani, mcha Mungu, anafanya kazi saluni au kwa madam fulani, nyumbani kwao ni mji wa Wote au Kitui. Anko alikuwa akicheka na kusema bado anamsubiri atakayejua kupika muthokoi kama wa dada yake. Wote walicheka naye. Mimi pia nilicheka, nikaamini kwamba tatizo la Anko ni mapishi.

Nilikuwa darasa la nne mwaka Waayalandi walipopiga kura yao.

Habari hiyo iliingia kwetu kupitia kwa Mama. Mkuu wa ile chekechea alikuwa Mwayalandi, Madam Una, mwanamke mrefu mwenye madoadoa usoni. Jina lake lilinichekesha, kwa sababu kila nilipomwita nilihisi kama nimeanza swali nikashindwa kulimaliza. Basi la shule lilinishusha pale mchana, nikamsubiri Mama amalize kazi, na sehemu yangu ya kusubiri ilikuwa jiko dogo la walimu. Pale ndipo nilipowasikia Madam Una na Miss Breda wakibishana.

Miss Breda naye alikuwa Mwayalandi, mwalimu wa watoto wakubwa kidogo, mzee kuliko Madam. Kwao kulikuwa kunaandaliwa kura ya maoni: je, mwanamume na mwanamume, au mwanamke na mwanamke, waruhusiwe kufunga ndoa? Nchi nzima ilikuwa inalizungumza hilo, kwenye redio, kwenye nguzo za barabarani, mlangoni kwa mtu na mtu, na wao wawili walilizungumza juu ya sinki la kuoshea vikombe. Miss Breda alisema ndoa ni baba na mama na watoto watakaowazaa, wameikuta hivyo na si kazi yao kuigeuza. Madam Una alisema ana kaka yake ambaye ameishi na mwenzake miaka mingi, na yule mwenzake alipolazwa hospitali, kaka yake aliambiwa akae nje kwenye benchi kwa sababu si mtu wa familia. Alisema hivyo akiwa ameshika kitambaa cha vyombo, na sauti ikamkatika. Miss Breda hakubadili neno lake hata moja. Lakini alimmiminia chai, akamtilia maziwa jinsi alivyoyapenda, akakaa naye.

Sheria yao haikuwaruhusu kupiga kura wakiwa mbali. Ilibidi waende. Basi wote wawili wakakata tiketi, na kwa kuwa ndege zenyewe si nyingi, wakajikuta wamekata ndege moja, kwenda kila mmoja kufuta kura ya mwenzake.

Mama aliona hayo ni vichekesho vitupu. Naomba nimweleze kama alivyokuwa: hakuwa upande wa Madam Una. Alikuwa ameamini maisha yake yote kile ambacho kila mtu pale sebuleni aliamini, na hakuwahi kupata sababu ya kukifikiria. Ijumaa hiyo baada ya ibada aliwasimulia wenzake jinsi watu wazima wawili wanavyopanda ndege kwenda kutia alama kwenye karatasi kisha warudi kazini. Walicheka sana. Ndugu Silas hakucheka. Aliuliza, kura ya nini hasa? Mama akamweleza.

Tangu siku hiyo hatukusikia mahubiri mengine. Ijumaa baada ya Ijumaa ilikuwa Ayalandi tu. Nakumbuka fundi mmoja wa kambini aliuliza kwa upole nchi hiyo inatuhusu nini sisi, ambao hata tukiiona kwenye ramani hatuijui. Ndugu Silas akamjibu kwamba leo ni kwao, kesho ni kwetu, na kwamba shetani haanzi na mlango wa karibu. Kisha akasema maneno ambayo mimi niliyabeba mpaka kitandani: "Wakishinda hao, ndoa zetu zote zitavunjika."

Watu wazima wanajua kuna maneno ya mimbari na kuna maneno ya kweli. Mimi sikujua. Niliwatazama wazazi wangu. Siku hizo Baba alikuwa zamu ya usiku na Mama kazi ya mchana, wakikutana mlangoni kama watu wanaopokezana lindo. Baba alitaka mimi na Mama turudi Machakos, kwa sababu Dubai ilikuwa imemshinda bei, lakini Mama hakutaka. Nilikuwa nimewasikia wakilumbana kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo watu wa nyumba za mbao huitumia. Kwa hiyo niliunganisha mambo mwenyewe. Kuna kura. Kura ni ya ndoa. Upande mmoja ukishinda, ndoa ya Baba na Mama itavunjika. Niliona kabisa watu wenye madoadoa, wamepanga foleni kwenye mvua, kila mmoja anaulizwa kama Baba na Mama, Mutua na Ndinda wa Rashidiya, waendelee kukaa pamoja.

Anko naye alianza kuchelewa. Pasi ilibaki baridi. Alikuja ibada ikiwa imeshaanza, akasimama karibu na mlango, na nyimbo zikakosa sakafu. Wakati Ndugu Silas anahubiri, Anko alitazama vidole vya miguu yake. Niliwahi kumpelekea kitambaa anikunjie ndege, akakikunja nusu, akasahau, akakiweka mfukoni.

Ijumaa moja kabla ya kura yenyewe, Ndugu Silas alisema nasi tutapiga kura. Hapa hapa, mbele za Mungu, tuonyeshe tuko upande gani. Alisema anayesimama na ndoa ainue mkono juu.

Mimi niliinua miwili. Sikutaka kura yangu ipotee.

Mikono ilikuwa mingi, msitu wa mikono, na wa Baba ulikuwemo, na wa Mama ulikuwemo, nami moyo wangu ukatulia. Ndipo nikaona watu hawamtazami tena Ndugu Silas. Mmoja mmoja walikuwa wanageuza shingo kuelekea mlangoni. Anko Kyalo alikuwa amesimama pale na mikono yake imefungwa kifuani.

"Ndugu Kyalo, hatukuoni," alisema Ndugu Silas.

"Unaniona," alisema Anko.

Hakuna aliyeshusha mkono. Sasa hivi nikifikiria naona ilikuwa kitu cha kutisha, watu wote wale wamenyoosha mikono wakingoja mtu mmoja. Ndugu Silas alisema hamlazimishi mtu, lakini kanisa lina haki ya kujua nani anakaa ndani yake. Alisema kuna mambo ambayo watu wamekuwa wakiyasema kwa muda, kuhusu kwa nini kijana mwenye kazi nzuri anakataa kila mchumba, na kwamba hii ndiyo nafasi yake ya kuyafuta. Mkono tu. Ainue mkono tu, khalas, yaishe.

Anko hakuinua. Midomo yake ilikuwa imepauka.

Nilimwona Mama anamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Sijui alikuwa anajua tangu zamani au alijua pale pale. Hajawahi kuniambia, na sijawahi kumuuliza. Kisha akashusha mkono wake, polepole, akauweka juu ya mkoba uliokuwa mapajani.

Ndugu Silas alidhani amechoka. Alimwambia kwa upole kwamba bado kidogo.

"Sijachoka," alisema Mama. "Nimeushusha."

"Mama Mwende, unapinga ndoa?"

"Hapa hatupigi kura, Ndugu Silas. Hapa tunamtafuta mtu." Akasimama. "Na huyo mnayemtafuta nilimbeba mgongoni. Mimi ndiye niliyemfundisha kutembea. Kama hana nafasi hapa, niambie mimi, usimwambie yeye."

Mkono wa Baba ulikuwa bado juu. Alimtazama Mama aliposimama, akanitazama mimi, lakini mkono ulibaki pale pale. Kwa akili yangu niliona wazi kilichotokea: Baba amepiga kura ndoa iendelee na Mama amepiga kura ivunjike. Sikujua nifuate nani. Nilishusha mkono mmoja, nikabakiza mmoja juu, wa kushoto chini kwa ajili ya Mama, wa kulia juu kwa ajili ya Baba, nikakaa hivyo mpaka ibada ikafungwa.

Anko alituaga jikoni. Alimwambia Mama, "Dada, nisingeweza kuinua. Ningekuwa najikana mwenyewe." Mama akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akakivuta mpaka kwenye bega lake, na Mama Hawa, aliyekuwa anakoroga mchuzi, akazima jiko, akatoka na kutufungia mlango. Jioni alileta sahani ya wali kwetu kama kawaida.

Wiki iliyofuata wazazi wangu hawakusemezana ila kwa lazima. Baba alikuwa anaogopa, na uoga wake ulikuwa na sababu. Nilimsikia akimwambia Mama kwamba hapa si kwetu. Nchi hii ina sheria zake, neno moja likifika polisi Kyalo atafungwa kisha arudishwe nyumbani, na sisi nyuma yake. Alitaka Kyalo asije tena, kwa usalama wake mwenyewe. Mama alimjibu kwamba mlango utakaomfungia Kyalo umfungie na yeye. Baba akasema Mama anazungumza kama mtu asiye na mtoto.

Mimi niliona muda unakwisha. Siku ya mwisho kabla Madam Una hajasafiri, nilimfuata ofisini kwake. Alikuwa anatafuta pasipoti ndani ya mkoba. Nilimwambia kwa Kiingereza changu cha shule kwamba namwomba, akifika, awapigie kura mama yangu na baba yangu wasiachane.

Alichuchumaa mpaka macho yetu yakalingana. Aliniuliza ni nani aliyeniambia wataachana. Nikamwambia, kanisani. Akasema watu wa kwao hawawajui wazazi wangu na hawawezi kuwapigia kura. Yeye anakwenda kumpigia kaka yake.

"Basi ni kama Mama," nikasema. "Mama alishusha mkono kwa ajili ya Anko."

Mama alikuwa anafuta meza nje ya mlango. Kitambaa kilisimama. Madam Una aliinuka, akamtazama, na Mama akainamisha uso, kwa sababu huwezi kujua neno ulilolificha litatua wapi. Alipita, akamshika Mama bega, akakaa amelishika namna hiyo muda kidogo, kisha akaenda kumsaidia Miss Breda kufunga sanduku.

Lakini mimi sikuridhika. Alichosema ni kwamba hawezi kusaidia.

Siku ya mapumziko ya Baba, yeye ndiye aliyenipokea shuleni, tukatembea kutoka kituo cha metro kwenda nyumbani. Jua lilikuwa kali na tulishika kivuli cha ukuta. Nilimuuliza, akihama, kitanda changu kitakwenda kwake au kitabaki kwa Mama. Alisimama. Alinipeleka kwenye kibanda cha chai ya karaki, akaninunulia, akaniketisha juu ya kreti, na mimi nikamweleza yote: watu waliopanga foleni kwenye mvua, mikono yangu miwili, mmoja wake na mmoja wa Mama.

Hakucheka. Nilitazamia acheke. Alikuwa anazungusha kikombe chake cha karatasi bila kunywa.

"Mimi sikuinua mkono kumpinga mama yako," alisema.

"Uliinua."

"Niliinua kwa sababu wote walikuwa wameinua."

"Na kwa nini hukuushusha Mama aliposhusha?"

Baba alikuwa mtu mkubwa, mtu ambaye wevi wa dukani walimwona tu wakarudisha vitu. Alikaa pale akitazama magari. Mwishowe akasema aliogopa. Kisha akaniambia jambo ambalo Mama mwenyewe alikuwa halijui: siku iliyotangulia, Ndugu Silas alimsubiri getini akamwambia kwamba Kyalo akikanyaga tena pale, yeye kama kiongozi hatakuwa na budi kumwarifu meneja wa hoteli, ili watu wote wasiingie matatani. Alimwambia kwa huzuni, karibu kwa machozi. Na Baba hakumjibu kitu.

Hiyo Ijumaa ya kura yenyewe hatukwenda sebuleni. Tulikaa chumbani, Mama na mimi, tukasikiliza nyimbo kupitia kwenye mbao. Kesho yake simu ya Mama ililia. Madam Una alikuwa amemtumia picha: yeye na kaka yake, mtu mnene mwenye ndevu, wamekumbatiana mbele ya umati, wote wamelia mpaka nyuso zimevimba. Pembeni, anatazama upande mwingine, Miss Breda ameshika mwavuli na mikoba ya wote wawili. Walikuwa wameshinda, wale wa Madam. Mama aliitazama ile picha akiwa ameketi kitandani, akaikuza kwa vidole, akamtazama yule kaka peke yake.

Sebuleni walitangaza mfungo. Alhamisi Mama alimpigia Anko simu akamwambia kesho aje. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Njoo," alisema. Kisha, "Najua." Kisha, "Nimesema najua, Kyalo. Vaa shati jeupe uje."

Alikuja. Shati lilikuwa jeupe kweli. Baba hakuwepo, zamu yake ilikuwa haijaisha. Mama alivaa gauni lake la buluu la sikukuu, akachukua viti vinne kutoka chumbani kwetu, viti vyetu wenyewe, akatupitisha katikati ya watu mpaka mbele kabisa, mahali ambapo wazee walikaa. Akaviweka. Akamketisha Anko, akaketi, akaniketisha mimi. Kiti kimoja upande wa pili wa Anko kilibaki kitupu. Minong'ono ilipita nyuma yetu kama mtu anayechana gazeti. Mama alikuwa ameshika mkoba wake wima juu ya magoti, shingo imenyooka, na nilipomgusa mkono niliona umelowa jasho.

Ndugu Silas alikuwa na Biblia imefunguka. Akaifunga. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba ushirika ulikuwa umekubaliana, na kwamba anaomba kwa upendo wote, ibada haitaanza mpaka wanaojijua wametoka.

Mama hakusogea. Anko alitaka kuinuka. Mama akamwekea mkono gotini akamrudisha.

Ndipo mlango wa nje ulipofunguka. Baba aliingia na sare zake, viatu vyake vizito, kofia ameibana kwapani. Alisimama mlangoni, pale pale ambapo Anko alikuwa amesimama, akatazama chumba kizima. Watu wengi waliokuwa pale aliwajua kwa majina ya watoto wao. Alitembea mpaka mbele, na kwa muda nilifikiri anakuja kututoa. Nilishika kiti changu kwa chini. Baba akapita mbele yangu, akapita mbele ya Mama, akaketi kwenye kile kiti kitupu. Akaweka kofia yake gotini. Anko alikuwa katikati yao.

"Ndugu Silas," alisema Baba, "mimi nakuheshimu. Ulinipokea uwanja wa ndege nikiwa simjui mtu. Lakini lile jambo uliloniambia getini, kuhusu shemeji yangu na meneja wake, ungependa kulisema hapa mbele ya watu, au umelisahau?"

Watu waliinua vichwa. Wengi walikuwa hawajui. Yule fundi wa kambini alimgeukia Ndugu Silas na uso wa mtu aliyepigwa, kwa sababu pale hapakuwa na mtu asiyejua maana ya kupelekwa kwa meneja, hapakuwa na mtu asiyekuwa na jambo lake ambalo neno moja lingeweza kumrudisha kwao. Ndugu Silas alikuwa mwekundu wa macho. Nilimwonea huruma, na bado namwonea. Alifungua Biblia, akaifunga tena.

"Nimelisahau," alisema.

"Basi anza tu," alisema Baba. "Sisi tumeshakaa."

Wengine waliinuka wakatoka na watoto wao, baadhi yao marafiki zangu, na hawakurudi tena. Waliunda ushirika mwingine upande wa pili wa Rashidiya. Wengine walibaki, sitasema ni kwa ajili yetu, labda walikuwa wamechoka tu na hawakutaka kuinuka. Hakuna meneja aliyeambiwa chochote. Anko alifanya kazi ile hoteli mpaka alipopata kazi nchi nyingine, ya baridi, na akaondoka siku aliyoipanga mwenyewe, tukamsindikiza sote.

Lakini asubuhi ile tulikuwa bado hatujui yatakavyoisha. Viti vilikwaruza sakafu nyuma yetu, kimoja kwa kimoja, na kila mara kimoja kilipokwaruza mimi niligeuka kuona ni nani. Mama hakugeuka. Mama wa rafiki yangu alipoinuka kutoka kiti cha pembeni yetu, Mama alikivuta karibu, akaweka mkoba wake juu yake, akanyoosha gauni, akangoja wimbo.